Somo: Koleo la mita 3 la kuvuta kwa waya, kwa vitu vilivyotumbukia kwenye tangi au kisima kifupi

Wakuu, salaam. Somo la leo ni kifaa cha kushikia vitu kwa mbali: bomba refu lenye taya mbili chini, mkono wa breki ya baiskeli juu, na waya unaoviunganisha. Fundi yeyote mwenye msumeno wa chuma, drili na rafiki wa kumchomelea vipande viwili vitatu anaweza kukitengeneza.

Nina sababu ya kulileta. Spana ya pampu ikitumbukia kwenye tangi la chini ya ardhi, jambo la kwanza linalowajia watu ni kumtafuta kijana mwembamba, kumfunga kamba na kumshusha. Naomba tuache. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ndani ya tangi au kisima kilichofunikwa muda mrefu inaweza kuwa chini sana ya hapo, na pua haikupi taarifa yoyote. Ikishuka kufikia asilimia 10 mtu anaweza kupoteza fahamu kabla hajapata nafasi ya kuita. Kama kuna pampu ya petroli inanguruma pale mdomoni, moshi wake unaingia humo pia. Halafu anayeruka kwenda kumwokoa wa kwanza anakutana na hewa ile ile. Spana haina thamani hiyo.

Kabla ya kukata chuma, amua jambo moja: waya ufunge taya, au uzifungue? Wengi hukimbilia kufunga, kwa kuwa ndivyo breki inavyofanya kazi. Mimi nasisitiza kinyume chake. Mpira ndio ubane, waya ufungue. Ukibonyeza mkono wa breki taya zinaachana, ukiuachia zinashika zenyewe. Faida yake ni kwamba waya ukikatika mzigo ukiwa katikati ya kisima, mzigo unabaki umeshikwa. Vilevile huhitaji kuendelea kukaza kiganja huku unavuta bomba la mita 3 juu. Kiganja kikichoka katikati ya safari, kitu kinarudi majini. Ndoano za mikono ya bandia za Dorrance, zilizopewa hataza Marekani mwaka 1912, zinafuata utaratibu huo huo: mpira unabana, waya unaovutwa na bega unafungua. Zinatumika mpaka leo.

Vifaa: bomba la chuma la mraba la mm 25 (linauzwa mita 6, kwa hiyo nusu yake inatosha, la alumini ni jepesi zaidi ukilipata), chuma bapa cha mm 25 kwa 3, kile ambacho mafundi wa madirisha wanakiita flati ba, mkono wa breki ya baiskeli pamoja na waya wake, kipande cha usukani wa zamani, waya wa mabati wa uzio wa mm 2, bolti za mm 6 na mm 5 zenye nati za nailoni ndani, nati tupu sita za mm 12, na tyubu ya baiskeli iliyochoka.

HATUA YA 1: Taya isiyocheza
Kata flati ba ya mm 250. Milimita 100 za juu zifunge kwa bolti mbili kwenye uso wa kushoto wa bomba, sehemu iliyobaki ining'inie chini ya mdomo wa bomba. Ncha yake ikunje kuelekea ndani kama mm 15. Mkunjo huo ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu kitu kinachokaa juu ya kucha hakitegemei msuguano peke yake.

HATUA YA 2: Taya inayocheza
Hapa ndipo kazi ilipo, tusiharakishe.

Taya hii ni vipande viwili vinavyofanana, kimoja mbele ya bomba na kingine nyuma, vyenye umbo la herufi L. Kwenye kona ya L toboa tundu la mm 6. Hapo ndipo egemeo, yaani sehemu ambayo taya inazungukia. Mkono mrefu unashuka mm 125 kutoka kwenye egemeo. Mkono mfupi unatoka mm 25 kwenda kulia, yaani upande ulio mbali na ile taya isiyocheza. Vibane vyote viwili pamoja kwenye jiriwa na uvitoboe kwa mara moja, la sivyo matundu yatapishana na taya itakwenda upande.

Bolti ya mm 6 ipite kipande cha mbele, bomba, kisha kipande cha nyuma, mm 15 juu ya mdomo wa bomba, katikati ya upana wake. Weka washa kila upande. Kaza nati mpaka taya isitikisike, kisha ulegeze kidogo tu: ukiinua bomba, taya ianguke yenyewe kwa uzito wake. Chini, unganisha ncha za vipande viwili kwa kuchomelea kibati cha upana wa mm 40, nacho ukikunje ndani kama mwenzake. Kwenye ncha za mkono mfupi pitisha bolti ya mm 5. Waya utafungwa hapo, katikati ya vipande viwili.

Sasa hesabu. Mkono mrefu ni mara 5 ya mfupi. Waya ukivutwa sentimita 1, ncha ya taya inafunguka sentimita 5. Lakini nguvu nazo zinagawanyika kwa uwiano huo huo: ukitaka ncha ibane kwa kilo 4, waya utahitaji kuvuta kilo 20 ili kuifungua. Mkono wa breki huzidisha nguvu ya kiganja takriban mara 4, hivyo wewe utatoa kilo 5 na nyongeza ya msuguano. Mtu mzima anaimudu bila shida.

HATUA YA 3: Mkono wa juu
Mikono mingi ya breki imetengenezwa kwa usukani wa mm 22, haitakaa kwenye bomba la mraba. Ndiyo maana ya kile kipande cha usukani: kichomelee sm 40 chini ya ncha ya juu ya bomba, kitoke kwa pembe upande ule ule wa waya, na mkono wa breki ukae juu yake. Mkono wako mwingine utashika bomba lenyewe.

HATUA YA 4: Waya
Usitumie waya wa breki kuanzia juu mpaka chini, hata ukiupata mrefu. Waya wa breki umesokotwa kwa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo hunyumbuka. Kwa mita 3 na mvuto wa kilo 25, waya mnyoofu wa uzio wa mm 2 unarefuka milimita 1 na kidogo. Wa breki unarefuka mara tatu au nne ya hapo, wakati mkono mzima wa breki unavuta sentimita 1 hivi. Utabonyeza mpaka mwisho na taya zitafunguka nusu.

Kwa hiyo: juu tumia sm 40 za waya wa breki, kwa kuwa kinundu chake ndicho kinachokaa kwenye mkono wa breki, kisha uuunganishe na waya wa uzio kwa klempu mbili, siyo moja. Zile nati sita zichomelee kwenye uso wa kulia wa bomba kila nusu mita, waya upite ndani yake, la sivyo utajitenga na bomba kila ukivuta. Njia iwe imenyooka. Kila kona inakula nguvu: kona moja ya nyuzi 90 ndani ya kava (ule mrija unaofunika waya wa breki) lisilo na mafuta inaweza kumeza robo ya mvuto wako.

HATUA YA 5: Mpira
Kata tyubu vipande vya upana wa sm 2, uvizungushe kwenye taya zote mbili mm 40 chini ya egemeo. Anza na viwili, pima, ongeza. Ndani ya taya, pale zinapogusa kitu, fungia tabaka moja la tyubu ili zisiteleze.

HATUA YA 6: Jaribu nchi kavu
Shika kipande cha bomba chenye uzito wa kilo 2, kiinue, kisha mtu mwingine alegeze klempu za waya kabisa. Mzigo usianguke. Ukianguka, mpira hautoshi. Kwa kubana tu mimi siinui zaidi ya kilo 2 kwa mpira wa kilo 4, maana kitu kilicholowa huteleza. Ukipata pa kutia kucha, kama mpini wa ndoo, unaweza kuzidisha, lakini kitu kizito kikisogea karibu na mdomo kifunge kamba.

Tangi la maji ya kunywa: hakuna grisi kwenye egemeo. Osha kifaa chote kwa maji yenye klorini kabla hakijaingia, na kikitoka kikaushwe ili kisishike kutu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Kisima changu kina mita 12. Naweza kuacha bomba, nikashusha taya kwa kamba moja na kuzifungua kwa kamba nyingine?
Jibu: Haitafanya kazi, kaka. Waya unavuta juu kwa kilo 20, lazima kuwe na kitu kinachosukuma chini kwa kiasi hicho hicho. Kwenye somo letu kazi hiyo inafanywa na bomba. Ukiwa na kamba tu, ukivuta ile ya kufungulia kifaa chote kitapanda na taya zitabaki zimefungwa. Kwa mita 12 tumia nanga ndogo ya kucha nne kwa ndoo, au sumaku kwa vitu vya chuma.

Swali: Nimefuata vipimo vyote lakini taya zinafunguka sentimita 2 tu.
Jibu: Angalia ulegevu kwanza. Waya ukiwa umelegea milimita 3, umepoteza sentimita 1 na nusu kwenye ncha. Ukazie kwenye klempu. Kama bado, tafuta mkono wa breki wa baiskeli zenye breki za mikono miwili mirefu, zile za V. Unavuta waya karibu mara mbili ya ule wa kawaida, ila kiganja nacho kitafanya kazi mara mbili.

Swali: Kwa nini usiweke springi? Mpira wa tyubu unaoza.
Jibu: Springi inafaa, tatizo ni kupata yenye nguvu unayoitaka. Mpira unauongeza au kuupunguza kipande kimoja kimoja. Ni kweli jua linauharibu: ukiona nyufa ndogo unapouvuta, badilisha vyote kwa pamoja.

Swali: Shikamoo fundi. Mama yangu ana maumivu ya mgongo, hawezi kuinama kuokota kitu. Inaweza kufanywa fupi?
Jibu: Marahaba, binti yangu. Tena hiyo ni rahisi zaidi. Bomba jembamba la alumini la sm 80, na hapo waya wa breki ya nyuma pamoja na kava lake vinatosha, bila klempu wala nati za kuchomelea. Mpira weka kipande kimoja chembamba, kwa sababu kiganja chake ndicho kitakachoushinda kila anapookota. Taya nazo zifanye mm 75 ili mvuto upungue. Mpe ajaribu kabla hujapaka rangi. Akilalamika mkono, punguza upana wa mpira.

Swali: Fundi, naweza kulitumia kutoa fyuzi kwenye nguzo nje ya nyumba?
Jibu: Hapana, hata kwa bomba la plastiki. Waya wa chuma unatoka kwenye taya moja kwa moja mpaka kwenye kiganja chako. Fito za kazi hiyo ni za faibagilasi, zinapimwa kwa ajili ya umeme, na wanaozishika ni mafundi wa shirika la umeme. Wapigie simu.

Swali: Na bomba likatwe vipande viwili nibebe kwenye bodaboda?
Jibu: Inawezekana. Chukua bomba la mraba la ndani linaloingia bila kucheza, urefu wa sm 30, na bolti mbili kila upande. Maungio ya waya yaweke mbali na maungio ya bomba na mbali na nati, klempu zisije zikakwama hapo ukiwa umeshashika kitu.