SOMO: Kupeleka ardhilhali Bungeni bila kurudishiwa

Wiki hii nimeulizwa mara nne, mbili kati ya hizo kwa sauti za WhatsApp za dakika sita sita. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo na salamu.

Hii ni Kenya. Ardhilhali ndiyo mnayoiita petisheni. Haki yenyewe iko kwenye Katiba, Kifungu cha 37 na cha 119. Utaratibu uko kwenye sheria ya mwaka 2012 inayohusu ardhilhali za Bunge, pamoja na Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha vikao vya Bunge. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi huku Pwani, si wakili. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea.

1. Jua mlango wako. Fungua Jedwali la Nne la Katiba. Soko, chekechea, zahanati, maji ya bomba: hayo ni ya bunge la kaunti, usisafiri. Polisi na shule za msingi: Bunge la Kitaifa. Jambo linalogusa kaunti na maslahi yake linaweza kwenda Seneti. Letu lilikuwa njia ya umma ya kushukia diko, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, iliyozibwa na ukuta. Tulikwenda Seneti.

2. Anza na ofisi husika. Ardhilhali lazima iseme umeshajaribu wapi na ulijibiwa nini. Kila barua unayopeleka, toa nakala na udai muhuri na tarehe papo hapo kaunta.

3. Kama kuna kesi mahakamani, sema. Kama hakuna, sema pia hakuna. Lazima mojawapo iandikwe.

4. Andika. Kwa mkono au kwa kompyuta, Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya adabu. Ikizidi ukurasa mmoja, kila ukurasa uonyeshe jambo linalohusika. Maneno yasiwe na kufutwafutwa wala kuchomekwa juu ya mstari. Mfano wa muundo uko kwenye majedwali nyuma ya Kanuni za Kudumu.

5. Sahihi na vielelezo. Hapa kaeni chini.

Mara ya kwanza tulikusanya sahihi kwenye karatasi za daftari, kila mtaa na daftari lake. Nikaona zimekaa ovyo. Usiku nikachukua mkasi na gundi, nikakata safu safu, nikazibandika vizuri kwenye karatasi nyeupe. Zilipendeza kweli! Nikaongeza picha kumi na moja za ukuta, hati ya kiapo ya mzee wetu mmoja, na barua zote, nikabana kwa pini kubwa. Furushi lilikuwa zito, na mimi nikajiona nimekamilika.

Ilirudi. Sheria inasema sahihi, anwani na nambari ya kitambulisho viandikwe moja kwa moja kwenye ardhilhali yenyewe, visibandikwe wala kuhamishwa kutoka kwingine. Tena inasema ardhilhali isiambatanishwe na barua, hati ya kiapo wala karatasi nyingine yoyote. Nilikuwa nimevunja yote mawili kwa bidii yangu mwenyewe. Na ilipotufikia, nusu ya waliotia sahihi walikuwa wameshakwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, hawarudi mpaka upepo ugeuke. Tulingoja miezi.

Basi fanyeni hivi. Karatasi ya kutia sahihi iwe ukurasa wa ardhilhali, imeshaandikwa jambo lenu juu KABLA ya kalamu ya kwanza kuigusa. Piga safu: jina, anwani, nambari ya kitambulisho, sahihi au kidole gumba. Asiyeweza kutia sahihi aweke alama yake mbele ya shahidi, na shahidi atie sahihi. Usimsainie jirani eti yuko baharini. Usipake ile rangi nyeupe ya kufutia. Sisi ukurasa ukichafuka tulianza mwingine.

Vielelezo viweke kwenye faili nyumbani. Ndani ya maandishi vitaje kwa tarehe tu: "tuliandika barua tarehe fulani, hatukujibiwa." Mkiitwa na kamati, hapo ndipo faili linafunguliwa.

6. Maombi ya mwisho. Ardhilhali humalizika kwa kusema unataka nini hasa. "Serikali itusaidie" si ombi, hiyo ni pumzi. Letu la pili lilisema: kamati ichunguze hadhi ya njia hiyo kwenye ramani za upimaji, iite ofisi husika ieleze kibali cha ukuta kilitolewaje, na ipendekeze njia ifunguliwe. Kila moja ya hizo mtu anaweza kuiwekea alama ya vema au ya kosa.

7. Peleka. Kwa Karani wa Bunge au wa Seneti moja kwa moja, au kupitia seneta au mbunge, ambaye naye lazima atie sahihi yake. Sheria haidai ada. Anayekuomba "ya chai" anakula chai yake. Karani ana siku saba za kuikagua, na ikiwa na kasoro anaweza kukuelekeza urekebishe.

8. Ngoja, lakini kwa macho wazi. Ikishasomwa ukumbini hupelekwa kwenye kamati. Bunge la Kitaifa tangu 2022 lina Kamati ya Maombi ya Umma. Seneti hupeleka kwa kamati ya sekta inayohusika, na kamati hiyo hupewa siku 60 tangu siku ya kusomwa ikujibu kwa ripoti. Andika tarehe hiyo ukutani.

---

MASWALI

Bahari_Njema: Shukran Katibu. Sasa zinatakiwa sahihi ngapi? Kuna jamaa ametuambia milioni moja.

Katibu: Moja yatosha. Milioni ni ya kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi, Kifungu cha 257. Huyo jamaa amechanganya madesa.

kijana_wa_stendi: Nitumie fomu iliyojazwa tayari niweke jina langu tu, nina haraka

Katibu: Hatua ya 4. Wa kujaza ni wewe.

kijana_wa_stendi: Si ungetuma tu

Katibu: Ningekutumia, ungepeleka malalamiko ya diko langu kwa jina lako.

Mzee wa Baraza: Bwana Katibu, unawapotezea watu wakati. Hizo kamati hazina meno. Ukuta wenu umebomolewa?

Katibu: Haujabomolewa, Mzee wangu, na sikuandika popote kwamba umebomolewa. Kamati si mahakama. Inapendekeza, haiamuru. Lakini Kifungu cha 125 kinaipa uwezo wa kumwita shahidi na kudai nyaraka sawa na Mahakama Kuu. Afisa ambaye hakujibu barua zetu tatu alikuja, akakaa kiti kinachotazamana na sisi, akafunua ramani ya upimaji. Njia ilikuwepo, mistari miwili myembamba mpaka majini. Tulikuwa hatujawahi kuiona karatasi hiyo. Sasa imo kwenye kumbukumbu za Bunge, na tukienda mahakamani tunaanzia hapo. Nionyeshe njia nyingine iliyotufikisha hapo bila kulipa wakili.

Mzee wa Baraza: Sawa. Hapo kwenye ramani umenena.

Mama Zuhura: Katibu, salaam. Mimi nina kikundi cha wakulima wa mwani. Kuna mswada tunausikia uko kwenye kamati, na kipengele kimoja kitatuumiza. Tuandike ardhilhali au kuna njia nyingine? Na tukichelewa, kuna hatua nyingine ya kuingilia?

Katibu: Mama, swali zuri, na nimefurahi hukukimbilia ardhilhali. Mswada ukiwa tayari mbele ya kamati, peleka maoni ya maandishi. Mswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, kisha unapewa kamati, na hapo kamati inapaswa kushirikisha umma kwa mujibu wa Kifungu cha 118. Tangazo hutoka gazetini likiwa na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Siku hizo huwa chache, kwa hiyo mtu mmoja kikundini apewe kazi ya kutazama matangazo.

Msiandike hadithi ndefu ya mwani. Pigeni jedwali la safu tatu: nambari ya kifungu, maneno mnayotaka yawe, sababu kwa mistari miwili. Karani wa kamati anakusanya maoni ya watu wengi, na yenye nambari ya kifungu ndiyo rahisi kuingiza kwenye ripoti.

Mkichelewa, bado kuna kusomwa mara ya pili, halafu Kamati ya Bunge Zima ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja na mabadiliko hupendekezwa. Lakini hapo anayependekeza ni mbunge au seneta, si nyinyi. Mtafuteni mapema, mkiwa na maneno ya badiliko yaliyoandikwa tayari. Baada ya kusomwa mara ya tatu, mkono wenu umekuwa mfupi.

Ardhilhali muitumie pale ambapo mswada haupo kabisa na mnataka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Kifungu cha 119 kinaruhusu.

Mama Zuhura: Allah akulipe. Jedwali la safu tatu tunaliweza. Na mwenzetu mmoja ni kiziwi, ataweza kuzungumza wakituita?

Katibu: Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge, Kifungu cha 120. Mjulisheni karani wa kamati mapema ili mkalimani apatikane.

Nahodha_2: Nyongeza. Uchaguzi ni Agosti 2027, na Bunge likimaliza muhula, shughuli ambazo hazijakamilika huanguka. Mwenye ardhilhali aanze kuhesabu kurudi nyuma.

Katibu: Kweli kabisa. Ripoti ikiwa haijatoka mpaka hapo, mnaanza upya na Bunge jipya.

mtu_wa_mtaa: naweza kumtoa mbunge wetu kwa njia hii??

Katibu: Hapana. Hiyo ni Kifungu cha 104. Soma kwanza, hasira baadaye.

Fundi Saumu: Kuhusu kidole gumba: msitumie wino wa kalamu, unapaka tu doa. Chukueni kidau cha muhuri, gusa kidogo, viringisha kidole mara moja kushoto kwenda kulia, usibonyeze. Wazee wetu wa jahazini vidole vimekufa mistari kwa kamba na chumvi. Tuliwaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, ndipo alama zikatoka. Na pwani kuna upepo, wekeni kokoto nne kwenye pembe za karatasi.

Katibu: Dada, hilo la maji ya uvuguvugu sikulijua. Zetu tano zilitoka kama doa la chai. Naliongeza kwenye hatua ya 5 leo jioni.