Kaa mdogo ndani ya chaza: mhesabu kabla ya kumlaumu

Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa sana, upande wa Mjimwema kule Kigamboni, mama mmoja mfugaji wa chaza alinishikisha nusu ya gamba akaniuliza, "Kaka, huyu ni mtoto wa chaza?" Juu ya nyama alikaa kaa wa ukubwa wa punje ya njegere, mweupe kama maziwa, tumbo limemjaa mayai ya rangi ya chungwa. Wenzake walikuwa wameshatenga ndoo nzima ya kutupa, wakidhani imeoza. Iliniuma, maana chaza wale walikuwa wazima kabisa.

Kaa huyo ni wa ukoo wa Pinnotheridae. Huingia kwa chaza au kome akiwa mdogo mno, akakulia humo humo. Jike akishakuwa mtu mzima hatoki tena. Gamba la mwenyeji wake linamtosha kwa ulinzi, ndiyo maana lake mwenyewe hubaki laini. Dume ni mdogo zaidi na ndiye anayetembea. Huko New Zealand watafiti walimwona dume wa aina inayokaa kwenye kome akipapasa ukingo wa gamba kwa zaidi ya saa tatu, mpaka kome akalegea na kumpa nafasi ya kupenya kwa jike.

Ubaya wake uko kwenye chakula. Chaza huchuja maji kwa matamvua na kunasa vijimea vidogo kwa ute, na kaa huuokota ute huo na chakula chake kabla haujafika kinywani mwa chaza. Miguu yake inakwangua matamvua, siku zinavyokwenda yanalika, na chaza anakonda. Hafi kwa hilo, lakini nyama inapungua, na nyama ndiyo unayouza.

Sasa kazi yako. Kila mwezi, wakati wa bamvua, chukua chaza 20 bila kuchagua, kutoka kona zote za shamba, na si wale walio karibu na mtumbwi tu. Wafungue, andika daftarini wangapi wana kaa, na utazame matamvua: yako kamili, au kingo zimeliwa? Wawili kati ya 20 wasikunyime usingizi. Idadi ikipanda mwezi hadi mwezi, vuna mapema waliofikia ukubwa wa kuuza, kwani chaza mkubwa ana nafasi ya kumkuza jike na mayai yake, na ukimwacha mwaka mzima anakuwa kitalu cha kaa.

Hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakikosea: kaa aliyetolewa anarushwa majini. Jike mmoja hubeba maelfu ya mayai. Weka kopo kando, kusanya kaa wote, nenda nao nchi kavu. Vilevile usihamishe mbegu, yaani chaza wachanga, kutoka eneo lenye kaa wengi kwenda shamba jipya kabla ya kupasua sampuli. Klorini na dawa za shambani usiziguse kabisa. Chaza anachuja kila kinachopita, na kitamrudia mlaji.

Chaza wako wakiwa wembamba na daftari linaonyesha kaa wachache, acha kumsingizia kaa. Angalia kwanza kama umewarundika, kama tope limewafunika, au kama masika yameleta maji ya mto yasiyo na chumvi juu yao. Wanaookota chaza kwenye mikoko, bandueni chaza kwa kisu na muache mizizi. Mkoko ukikatwa chaza hawana pa kushika.

Kuhusu mteja: chaza mwenye kaa analiwa, na kaa mwenyewe akipikwa analiwa pia. Ila mwambie mapema, kwa sababu wapo watu ambao miili yao inakataa kaa na kamba, na kipande kidogo tu kinaweza kuwavimbisha koo. Na wote wapikwe waive barabara. Chaza aliyevunwa karibu na mdomo wa mto Msimbazi au bomba la maji machafu simshauri mtu kumla, awe na kaa au asiwe naye.

Ukiona kaa wa sura usiyoizoea, mtie kwenye chupa ya spiriti, andika tarehe na mahali, umpelekee afisa uvuvi wa manispaa yako au watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, pale Kunduchi. Daftari lako nalo libebe.