Kuendesha kikundi cha askari wastaafu walio hatarini kujiua

Mimi ni tabibu mstaafu wa jeshi. Naendesha vikundi hivi pamoja na mwanasaikolojia ambaye hajawahi kuvaa sare, na nawe usiviendeshe peke yako: mtu akiinuka ghafla na kutoka, mmoja wenu amfuate, mwingine abaki na kikundi. Kama unasoma haya na wewe mwenyewe ndiye uliye hatarini leo, acha kusoma. Mwambie mtu wa karibu sasa hivi, au nenda sehemu ya dharura ya hospitali iliyo jirani.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaa na kila mmoja faraghani. Muulize bila kuzunguka: unafikiria kujiua? Umepanga namna? Unayo njia ya kulifanya? Utafiti umeonyesha kuwa kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Ukianza na "mawazo mabaya" au "lile jambo", askari atajua unaogopa, naye atakuficha ili usiogope zaidi. Aliyekwisha kuamua na ana mpango wa leo au kesho asiingizwe kikundini kwanza. Huyo anahitaji daktari na mtu wa kuwa naye bila kuachwa pekee.

Watu wanane wanatosha. Panga viti nusu duara ili kila mmoja auone mlango, asiyeuona hatakusikiliza. Cheo kina ukaidi wake: hata mkikubaliana kuviacha vyeo nje, koplo atamsubiri meja amalize. Usipigane na neno "afande", limeshaingia mwilini. Wewe anza tu kwa koplo.

Mipaka itajwe kabla hawajafungua mdomo. Yanayosemwa humu yanabaki humu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Hapo tutawaambia wanaoweza kusaidia, na mhusika atajua. Namna mtu alivyojaribu kujiua haisimuliwi kikundini, kwa kuwa wanaosikiliza nao wako hatarini. Mimi hukatiza waziwazi: "Hapo simama. Tuambie moyoni kulikuwaje." Hajawahi kukasirika mtu, pengine kwa sababu jeshini walikatizwa kwa ukali zaidi.

Kazi kubwa ni mpango wa usalama, ule uliotungwa na wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown. Una sehemu 6: dalili zangu za hatari, ninayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kunitoa mawazoni, wa kumwomba msaada, wataalamu wa kupigia, na namna ya kuyafanya mazingira yangu salama. Huko Bronx, New York, daktari wa akili Marianne Goodman na wenzake wameuweka mpango huu ndani ya tiba ya kikundi ya vikao 10 kwa askari wastaafu. Faida yake utaiona mtu atakapoandika "nitajishughulisha", na mwenzake acheke: "Saa tisa usiku, utajishughulisha na nini?" Mimi ningelipitisha jibu lile. Yeye hakulipitisha kwa kuwa anaijua saa tisa ya usiku. Basi wanaandika upya: kupiga viatu rangi, kuoga maji baridi, kumpigia fulani ambaye naye halali. Kila kikao mpango utolewe mfukoni na uulizwe: wiki hii uliutumia? Mpango wenyewe ulikwama wapi?

Kwenye silaha watanyamaza. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliwataka askari vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwishoni mwa wiki. Kujiua kati yao kulipungua kwa takriban 40%. Mara nyingi wimbi kali la hamu ya kufa hupita, na umbali na silaha humpa mtu muda wa kulisubiri lipite. Usimwambie "salimisha". Muulize nani atamshikia funguo za silaha mpaka atulie, na andikeni jina la huyo na siku ya kumkabidhi. Swali hili likitoka kwa askari mwenzake, hupokewa vizuri kuliko likitoka kwa daktari.

Utasikia pia: "Nyumbani kwangu mimi ni mzigo tu." Mtaalamu Thomas Joiner ameihesabu hisia hiyo miongoni mwa zinazomvuta mtu kwenye kujiua, pamoja na kuona huna wa kwako. Usibishane naye kwa sifa. Mpe zamu: wiki hii wewe ndiye utakayempigia fulani Jumatano. Zamu anaielewa, na wiki ijayo ataulizwa.

Asiyekuja apigiwe siku hiyo hiyo, asipopokea apigiwe yule mliyekubaliana naye tangu mwanzo. Jerome Motto, daktari wa San Francisco, aliwaandikia barua fupi wagonjwa waliokataa kuendelea na tiba. Katika miaka 2 ya mwanzo walijiua wachache kuliko wasioandikiwa. Nasi tunatuma ujumbe wa mistari miwili, bila kudai jibu.

Akifa mwenzenu kwa kujiua, kikao kisifutwe. Semeni jina lake na kwamba amejiua, msimfanye shujaa kwa hilo, kisha kila mtu apitie mpango wake palepale. Wataalamu wawili mbaki nusu saa baada ya hapo, mtaje kwa majina ambao hamkuridhika nao, na mgawane wa kuwapigia kabla ya usiku.