Kabla hujaihukumu laptopu ya 2011: angalia diski inaning'inia poti gani

Laptopu zenye prosesa za Intel Core i ambazo namba yake inaanza na 2 bado zinapita mezani kwangu karibu kila wiki. Ni za mtumba, bei yake inavumilika, na ukiziwekea SSD na RAM ya GB 8 mwanafunzi anamaliza nazo chuo. Shida ni maneno ya mtaani: "Hizo za 2011 zinakula hadidiski." Hazili. Baadhi zilizaliwa na ugonjwa, ndiyo, ila ugonjwa wenyewe una mahali pake maalumu.

Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipseti zake mpya za 6 Series (chipu ya kwenye bodi inayounganisha prosesa na diski), zilizopewa jina la Cougar Point, zina kasoro. Ndani ya saketi inayozipa mapigo ya saa poti za SATA (zile za kuunganishia diski) za 3 Gb/s kulikuwa na transista inayopewa volti kubwa kuliko uwezo wake, ikawa inavujisha umeme kidogo kidogo. Miezi ikipita, poti inachoka: data inafika na makosa, inatumwa upya, mashine inakuwa nzito, na mwisho diski haionekani kabisa. Zinazoguswa ni poti 2 hadi 5. Poti 0 na 1, za 6 Gb/s, hazimo. Chipu yenye kasoro ni toleo B2, iliyorekebishwa ni B3. Intel yenyewe ilikadiria kwamba kutengeneza na kubadilisha kungegharimu dola milioni 700, kwa hiyo si hadithi ya vijiweni.

Hatua ya 1: Je, mashine inahusika?

Soma jina la prosesa. i5-2410M, i7-2630QM, i3-2310M: tarakimu nne, ya kwanza 2. Hizo ndizo za kuchunguza. Ikiwa ni i5-520M au i5-3210M, endelea na shughuli zako.

Hatua ya 2: Diski iko poti gani?

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo watu wanayoiruka.

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwanza uone SATA iko kwenye AHCI, ile hali ya kisasa, au IDE, ile ya zamani. Ikiwa IDE, namba utakazoziona baadaye zitakuchanganya. Ila kama Windows iliwekwa ikiwa IDE, usisahau kurudisha ulivyoikuta, la sivyo mteja atapokea skrini ya bluu. Kisha washa mashine kwa flashi ya Linux, yoyote ile, fungua tamino (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`sudo dmesg | grep "SATA link"`

Utapata kitu cha namna hii:

`ata1: SATA link up 6.0 Gbps`
`ata2: SATA link down`
`ata5: SATA link up 1.5 Gbps`

Linux inaanza kuhesabu na 1, chipu inaanza na 0. Kwa hiyo ata1 ni poti 0, ata2 ni poti 1, na ata3 hadi ata6 ndizo poti 2 hadi 5. Mfano huo unasema hadidiski iko poti 0, salama. DVD iko poti 4, ndani ya eneo la ugonjwa. Kama una diski mbili na hujui ipi ni ipi, `ls -l /sys/block/sda` itakuonyesha njia yenye neno ata na namba yake.

Usidanganywe na kasi. Diski ya zamani ikichomekwa poti 0 itaandika 3.0 kwa sababu ndio mwisho wake yenyewe. Tazama namba ya ata, si Gbps.

Laptopu nyingi zina hadidiski moja poti 0, na mwenye nayo anaweza kuitumia mpaka ichakae asikutane na tatizo hili. Balaa linakuja pale tunapong'oa DVD na kuweka kedi (fremu inayokaa mahali pa DVD) yenye diski ya pili, au tunapochomeka SSD ndogo ya mSATA, ile ya umbo la kadi, kwenye bodi. Nafasi hizo mara nyingi zinatumia poti za 3 Gb/s.

Hatua ya 3: Chipu ni B2 au B3?

Ukikuta kila kitu kiko poti 0 na 1, hatua hii ni ya udadisi tu. Programu ya CPU-Z, ukurasa wa "Mainboard", inataja chipseti na toleo lake, lakini mimi naichukua kama tetesi. Na rev 04 inayotolewa na amri ya Linux ya `lspci` usiitumie kuhukumu: nimeikuta kwenye bodi zenye B3 halisi.

Ushahidi uko juu ya chipseti yenyewe. Fungua, safisha mafuta ya joto kwa spiriti, mulika tochi kwa upande maana maandishi hayaonekani ukimulika kutoka juu. Kwenye chipseti ya HM65 (imeandikwa BD82HM65), SLJ4P ni B3 na SLH9D ni B2. Kwa ndugu zake, HM67 ya B3 tafuta SLJ4N, QM67 ya B3 tafuta SLJ4M.

Usishangae kukuta B2 kwenye mashine isiyo na kosa lolote. Mwezi Februari 2011 Intel iliruhusu chipu hizo ziendelee kuuzwa kwa watengenezaji waliokubali kutumia poti 0 na 1 peke yake.

Hapo niliwahi kujiaibisha. Dada mmoja aliniletea laptopu inayopoteza diski kila ikihamishwa mezani. Nikafungua, nikaona SLH9D, nikamwambia, "Dada, bodi hii imekufa." Akaenda kwa fundi mwingine. Jamaa akabadilisha waya bapa wa diski, mashine ikapona. Diski ilikuwa poti 0 muda wote.

Hatua ya 4: Poti imeanza kuchoka?

Kama diski iko poti 2 hadi 5 na chipu ni B2, pima (mahali pa sdb weka jina la diski yako):

`sudo smartctl -A /dev/sdb`

Tafuta mstari wa 199, UDMA_CRC_Error_Count, unaohesabu makosa ya data njiani kati ya diski na poti, nakili namba ya mwisho kulia. Hamisha faili za GB 20 hivi, pima tena. Hesabu hii hairudi nyuma, kwa hiyo 300 ya zamani si kitu. Kinachokuhusu ni kama imepanda leo. Ikipanda, badili kedi au waya kwanza, maana huo ndio mzizi wa mara nyingi. Ikiendelea, chomeka diski ileile poti 0. Ikitulia kule, na diski nyingine ikisumbua palepale pa mwanzo, poti ndiyo mgonjwa. SSD nyingine hazina mstari wa 199. Hizo tafuta makosa ya ata kwenye `dmesg`.

Hakuna draiva wala BIOS ya kutibu hili. Kubadilisha chipu kunataka mashine ya BGA, ile ya kung'olea na kuchomelea chipu, na bei ya kazi inaizidi laptopu. Mafaili ya mteja yako salama, diski inasomeka kwenye kompyuta nyingine. Weka SSD poti 0, ile ya kedi itie kwenye kasha la USB, na umwandikie mteja kwenye risiti kwamba nafasi ya DVD haitumiki.