Namna ya kufunga makumbusho madogo ya ndege

Nimejitolea miaka tisa kwenye makumbusho madogo ya ndege huku Uingereza. Yalianzia kwenye banda la bati na injini moja iliyofukuliwa shambani. Tulifika hadi ndege sita, kisha mwenye kiwanja akatupa miezi sita tuhame. Kama na nyinyi mmefikiwa na barua ya namna hiyo, fanyeni hivi.

Kabla ya kushika spana, shikeni daftari. Kila kitu kiandikwe: chetu, au cha kuazima? Tulikuwa na trei ya chai ya East African Airways, na nyuma yake plasta iliyoandikwa kwa kalamu, "irudi kwa mama". Wiki tatu tulimtafuta huyo mama. Alishafariki. Alikuja binti yake, akaikumbatia trei, akashindwa kusema. Cha kuazima hakiuzwi, hata deni la umeme liwakabe koo.

Viti vya kumrusha rubani nje ya ndege wakati wa dharura vina baruti. Msiviguse mpaka fundi mwenye kibali athibitishe kuwa imetolewa. Saa za zamani za ndani ya ndege nazo zilipakwa rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani. Rangi huacha kung'aa, mionzi hubaki. Msizifungue wala kuzikwangua.

Ndege kubwa zitafutieni makao mapema, na ulizeni makumbusho mengine kabla ya mnunuzi wa vyuma. Blackburn Beverley, ndege za mizigo za jeshi la anga la Uingereza, ziliundwa 49, imebaki nzima moja tu, yenye namba XB259. Makumbusho ya usafiri wa jeshi yaliyoihifadhi yalifungwa 2003, ikahamia makumbusho ya ngome ya Fort Paull. Huko nako kukafungwa 2020. Leo iko kwenye makumbusho ya ndege ya Solway, Carlisle, ilikopelekwa vipande vipande, kwa sababu kuna watu hawakukubali ikatwe.

Mkifungua mabawa, kila bolti iingie mfuko wake pamoja na nati yake, na mfuko ufungwe kwa waya penye tundu lake. Lebo za karatasi hulowa zikafutika, kwa hiyo sisi tuligonga namba kwenye vibati vya aluminiamu. Pigeni picha kila hatua, mkiweka rula kando.

Na wazee wenu wanaojitolea waambieni ana kwa ana, kabla hawajaliona lori getini. Wetu wa miaka 84, aliyeing'arisha ndege yetu ya Canberra kila Jumamosi, tulimwachia kibati cha mwisho. Aligonga namba taratibu, akakifunga mwenyewe kwenye bawa la kushoto.