Umri Umesonga, Vaa Vipimo vya Leo

Kwa wanawake wengi, hedhi ikishakoma mafuta ya mwili huanza kuhama. Mapaja na nyonga hupungua, tumbo na kiuno huongezeka, hata mizani ikiendelea kusoma kilo zilezile. Matiti hushuka. Diski za uti wa mgongo husinyaa, kimo kikapungua, na mgongo wa juu huweza kuinama kidogo. Nyayo hupanuka na kurefuka kwa kuwa kano zinazozishika zimelegea. Anayeendelea kununua saizi aliyoizoea tangu ujana hupigana na nguo kila asubuhi, kisha huulaumu mwili wake bure. Kabla hujanunua kitu, na kabla hujagawa kitu, jipime upya.

Sidiria kwanza, vipimo vingine baadaye

Ukianza na gauni umeanza kinyume, kwa sababu kipimo cha kifua hutegemea sidiria uliyovaa. Zungusha futi ya fundi chini kabisa ya matiti, ikubane kidogo, uandike namba. Kisha zungusha mahali kifua kilipojaa zaidi, safari hii bila kubana. Katika saizi za Ulaya, tofauti ya sm 12 hadi 14 ni kikombe A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Mwenye sm 85 chini na 102 juu ana tofauti ya 17, basi ajaribu 85C kwanza. Nchi nyingine hutumia inchi na herufi zake hufuata hesabu tofauti, hivyo soma lebo vizuri.

Kinachobeba matiti ni mkanda unaozunguka mwili. Kamba za mabegani husaidia tu. Zikikuchimba mabega, usikimbilie kuzilegeza: mara nyingi mkanda ndio uliolegea, na mzigo wote umehamia juu. Mkanda ukipanda mgongoni, jibu ni lilelile. Sidiria mpya ifunge vizuri kwenye safu ya vishikizo ya nje kabisa. Mpira ukilegea baada ya miezi, utakuwa bado na safu za ndani za kusogelea. Ikikukaa sawasawa, ncha ya titi huwa takriban katikati ya bega na kiwiko.

Ukiwa umeivaa, mwombe mtu akupime kifua, kiuno, nyonga mahali palipo papana, urefu wa mbele kutoka begani kupitia ncha ya titi hadi kiunoni, na urefu wa mgongo kutoka mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi kiunoni. Simama ulivyozoea kusimama. Ukijikaza na kuvuta tumbo ndani kwa ajili ya futi, utashonewa nguo ya mwanamke mwingine. Rudia kila mwaka, au uzito ukibadilika kilo nne au tano.

Kipimo cha mgongo ndicho kinachorukwa sana, nacho ndicho chenye lawama nyingi. Mgongo ulioinama huhitaji kitambaa kirefu zaidi nyuma. Nguo ya dukani haikukatwa hivyo: pindo la nyuma hupanda, shingo ya mbele hukukaba koo, na kitambaa cha mbele hujikunja juu ya tumbo. Simama ubavu mbele ya kioo uangalie pindo. Lisipokuwa sambamba na sakafu, umeshajua tatizo. Ukishonesha nguo mpya, mwambie fundi aongeze sm 1.5 hadi 2.5 kwenye mgongo wa juu, kati ya mabega, na aweke dats ndogo, yaani mikunjo iliyoshonwa, shingoni au mabegani ili kitambaa kifuate mviringo. Kwa nguo iliyokwisha kushonwa hakuna kitambaa cha kuongeza. Fundi atasawazisha pindo kwa kupunguza mbele. Nguo yenye marinda chini ya kipande cha mabega huvumilia umbo hili kuliko ile iliyonyooka.

Mahali nguo inapoishia

Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Ukiteleza hata sm 2 kuelekea mkononi, nguo nzima inaonekana ya kuazima. Baada ya hapo, angalia kila mahali nguo inapokatika, maana jicho hutua hapo. Sketi inayoishia mahali shavu la mguu lilipo nene huufanya mguu uonekane mzito. Ishushe mpaka mguu unapoanza kuwa mwembamba juu ya kifundo, au ipandishe hadi chini kidogo ya goti. Mkono wa robo tatu uishie chini ya kiwiko. Shingo ya V humfaa mwenye shingo fupi au kifua kikubwa, na mwenye mitulinga iliyojitokeza atapenda shingo ya mashua, ile pana inayoelekea mabegani.

Kuhusu tumbo, nguo pana kama turubai haifichi chochote; huongeza upana wa tumbo mpaka mabegani. Kinachosaidia ni kitambaa chenye uzito kidogo kinachoanguka bila kunata, kiuno kilichopandishwa sm 3 au 4 juu ya kiuno chenyewe, na koti jepesi lililoachwa wazi. Suruali yenye mpira nyuma na bapa mbele ni uamuzi wa busara, na hakuna anayeuona mpira huo chini ya blauzi.

Ukiwa dukani au kwa fundi, keti. Kaa dakika mbili nzima, kisha inua mikono kama unayefikia kabati la juu, kisha inama. Kiuno kinachokata ukiwa umekaa, kifungo cha kifua kinachofunguka, mgongo unaobaki wazi: yote huonekana hapo, na vioo vya dukani havitakuambia kwa sababu unajitazama umesimama tu.

Wenye kushikwa na joto la ghafla wavae pamba au kitani karibu na ngozi, na kitu cha kuvua juu yake. Poliesta huzuia jasho lisikauke. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito, na hakikisha ya ndani inafaa kuonekana peke yake, vinginevyo hutathubutu kuvua ya juu.

Rangi, na yale masharti ya watu

Wapo wanaoamini kuwa mwanamke akifika miaka 60 aache nyekundu, aache maua makubwa, ahamie kijivu. Hayo ni maneno ya watu, hayana msingi. Lililo kweli ni kwamba nywele zikiwa nyeupe na nyusi zikipungua, tofauti ya rangi kati ya nywele, ngozi na macho hubadilika, na rangi iliyokuchangamsha zamani huenda leo ikakufifisha. Jaribu hivi: kaa karibu na dirisha mchana, uso mtupu, uweke kitambaa chini ya kidevu. Rangi isiyokufaa huzidisha vivuli chini ya macho na pembeni mwa mdomo; inayokufaa huvififisha. Rangi unayoipenda ikishindwa jaribio hilo, ihamishie kwenye sketi au suruali, na karibu na uso weka mtandio wa rangi iliyofaulu.

Kuujua mtindo wako mwenyewe, toa kabatini nguo tatu ambazo hujawahi kuzijutia. Zitandike kitandani. Tazama zinalingana wapi: shingo, urefu wa mkono, uzito wa kitambaa, rangi. Mara nyingi mambo mawili au matatu hujirudia. Hayo ndiyo uende nayo kwa fundi, hata kama fasheni ya msimu inasema vingine.

Mvi

Ukiamua kuacha kupaka rangi, hesabu muda. Nywele hukua karibu sm 1 kwa mwezi, za kipilipili pengine pungufu kidogo, kwa hiyo nywele za sm 20 zitachukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Njia ya haraka ni kukata fupi mvi zikifika sm 4 au 5. Asiyetaka kukata anaweza kusuka mitindo isiyobana, kufunga kilemba, au kumwomba msusi mzoefu aweke michirizi ya rangi hafifu ili mpaka kati ya rangi na mvi usionekane. Usijaribu kung'oa rangi nyumbani kwa blichi, hasa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Dawa hizo mbili zikikutana nywele huweza kukatika.

Anayeendelea kupaka afanye jaribio la ngozi saa 48 kabla, tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko. Mzio unaweza kuanza hata baada ya miaka mingi ya kutumia rangi ileile. Jihadhari pia na kinachouzwa kama hina nyeusi: hina halisi hutoa rangi ya machungwa kwenye mvi, na weusi ule mara nyingi hutokana na kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi.

Mvi huwa kavu kwa kuwa ngozi ya kichwa hutoa mafuta kidogo, hivyo kondishena kila unapoosha. Zikigeuka manjano, sababu huwa moshi, jua, pasi ya nywele yenye moto mkali au madini ya maji. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki, dakika 2 hadi 3, hurudisha weupe; ukizidisha utatoka na kichwa cha urujuani. Na nywele za pembeni mwa uso zikianza kukimbia, legeza misuko sasa. Maumivu au vipele baada ya kusuka ni onyo. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa pale zilipotoka, mwone daktari upesi, kwa sababu shina likipata kovu halioti tena.

Uso, miwani, hereni

Madoa ya jua hayatibiwi kwa krimu za kuchubua. Baadhi yake zina zebaki, inayodhuru figo. Nyingine zina steroidi, zinazoikondesha ngozi ambayo tayari imekonda. Na haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kuchubua, ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi mbaya kuliko ule wa mwanzo. Tumia losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa nje.

Kwenye vipodozi, krimu hukaa vizuri kuliko poda, kwani poda hujikusanya mikunjoni. Paka mafuta ya uso, subiri dakika tano, kisha foundesheni kidogo katikati ya uso tu. Rangi ya mdomo ikivuja kwenye vijistari, izungushie penseli kwanza.

Ukingo wa juu wa miwani ufuate nyusi. Kama nyusi zimepungua, fremu ya rangi iliyokolea hufanya kazi ya nyusi hizo. Hereni nzito hurefusha tundu la ndewe, basi weka kisahani cha plastiki nyuma ya ndewe. Vifungo vya mkufu vya sumaku ni nafuu kwa vidole vyenye baridi yabisi, lakini mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asivitumie.

Viatu

Pima miguu jioni, ukiwa umesimama, yote miwili, na ununue kwa mguu mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki sm 1. Kisigino kinene cha sm 2 hadi 4 kinatosha kwa sherehe yoyote, na soli iwe na mifereji ya kushika sakafu. Usiamini kwamba kiatu kinachobana kitalegea. Kivae ndani ya nyumba, juu ya zulia, kwa nusu saa. Ukikivua na kukuta alama nyekundu juu ya kidole gumba au nyuma ya kisigino, kirudishe kikiwa bado kisafi.