Kusaidia jamii ya mbali wakati wa janga: uliza kwanza

Mwaka 2020, wakati wa korona, nilikusanya katoni za sabuni kwa ajili ya kijiji ambacho sijawahi kukikanyaga. Wakanijibu: maji ya kunawia tutayatoa wapi? Niliona haya. Siku hizi nawauliza kwanza, na nikisema wao sina maana ya msemaji aliyeko mjini.

Kisha tuma pesa, si mizigo. Mwaka 1847 Wachoctaw, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliwachangia pesa watu wa Ayalandi waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 2020 watu wa Ayalandi wakakumbuka, wakachangia familia za Wanavajo na Wahopi, makabila mengine ya wenyeji asilia wa Marekani, zilizokumbwa na korona.

Wenyeji wakifunga njia ya kijiji, usiingie, hata na barakoa yako. Matangazo ya kinga yatafsiriwe na wenyeji, nao walipwe. Picha za wagonjwa achana nazo.